Kabla ya Plasta: Niliyojifunza Nikiiomba Kaunti ya Mombasa Majengo Mapya Yapikie Umeme

Wiki chache kabla ya Ramadhani ya 2022, mwenye nyumba mmoja wa Tudor alinipigia simu akinitaka nikatazame soketi iliyoyeyuka katika jiko la mpangaji wake wa ghorofa ya tatu. Nilikuta plastiki imejikunja, ukuta juu yake umeingia weusi, na chini sakafuni ipo ekstensheni moja iliyokuwa ikilisha friji, birika la umeme na jiko la sahani mbili lililonunuliwa siku chache zilizotangulia. Mpangaji alikuwa mama wa watoto wanne. Alinieleza kwa aibu, kana kwamba amefumaniwa akiiba, kwamba mtungi wa gesi wa kilo 13 ulikuwa umepita shilingi 3,000 na hakuwa na namna ya kuujaza. "Kaka, watu husema stima ni ghali," aliniambia, "lakini stima naweza kununua ya shilingi mia leo na ya mia kesho. Huo mtungi nitaujaza vipi kwa shilingi mia?"

Nimefanya kazi ya umeme mjini Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwalaumu watu kama yeye. Siku ile nilisimama mbele ya soketi ile nikatambua kwamba kosa halikuwa lake. Jiko zima lilikuwa na soketi mbili tu, zote zikitoka kwenye waya wa milimita mbili na nusu uliokuwa ukihudumia sebule pia. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Jiko la sahani mbili peke yake hula zaidi ya wati 2,000, na birika likiwashwa huongeza karibu kiasi hicho hicho. Waliolichora jengo lile walikuwa wameamua kwa niaba ya mama yule, miaka mingi kabla hajahamia, kwamba atapikia gesi maisha yake yote, na uamuzi huo wakaufunika kwa plasta.

Mwenye nyumba aliniuliza ingegharimu kiasi gani kuweka laini ya jiko katika nyumba zake zote kumi na mbili. Nilimfanyia hesabu kwa uaminifu. Laini ya jiko huhitaji waya wa milimita sita na breka yake ya ampea 32, yaani swichi inayokata umeme mzigo ukizidi, inayoanzia kwenye bodi ya umeme, kwa sababu jiko kamili la wati 7,000 huvuta karibu ampea 30. Waya wenyewe si ghali sana. Gharama iko katika kuchonga ukuta kutoka mlangoni hadi jikoni, kung'oa vigae ambavyo havipatikani tena madukani kwa rangi ile ile, kupaka plasta upya, kupaka rangi upya, na kuwahamisha wapangaji kwa siku kadhaa huku vumbi likitanda. Na baada ya hayo yote, kebo kuu inayopanda kutoka chini nayo ilikuwa nyembamba, kwa hiyo ingebidi ibadilishwe pamoja na bodi ya mita. Aliitazama karatasi yangu kwa muda, akaikunja. "Fundi, badilisha soketi, tuendelee." Nilibadilisha soketi, nikamwonya mama asichomeke jiko na birika pamoja, nikachukua malipo yangu nikaondoka, na hadi leo sijivunii kazi ile.

Mwezi huo huo nilikuwa na kazi nyingine Bamburi, katika jengo la ghorofa nne ambalo kuta zake zilikuwa bado mawe matupu. Mwenye jengo alikubali tuweke laini ya jiko kila nyumba bila hata kubishana, kwa kuwa mabomba ya plastiki ya kupitishia waya yalikuwa yanalazwa hata hivyo, na kuongeza moja zaidi kulikuwa kazi ya nusu saa. Ni kazi ile ile, kwa waya ule ule, lakini bei zake zilipishana mara kadhaa, na tofauti yote ilikuwa plasta. Ndipo nilipoanza kufikiri kwamba swali la mtu kupikia nini huamuliwa siku michoro inapopelekwa kwenye ofisi ya mipango ya kaunti kuidhinishwa, wakati mama atakayepika hajulikani hata jina.

Fikra hiyo ingebaki kuwa ya fundi anayelalamikia kazi yake lau nisingeitwa, mwaka uliofuata, katika jengo moja jipya upande wa Nyali. Jengo hilo, kama mengi yanayoinuka sasa, lilitangazwa kwa sifa ya kuwa na gesi ya bomba. Mitungi mikubwa huwekwa kwenye kizimba cha vyuma nje ya jengo, na bomba hupanda kwa kila nyumba na mita yake ndogo, hivi kwamba mpangaji hahitaji tena kubeba mtungi ngazini. Naelewa kwa nini watu hupenda mpango huo. Mwenye mgongo kama wangu hawezi kuudharau. Lakini kizimba kile kilijengwa ukingoni mwa mteremko wa magari yanayoingia chini ya jengo, na pembeni yake palikuwa na jenereta. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu ikatawanyika kama wengi wanavyodhani. Hutambaa chini, hutafuta shimo, na hulala humo ikisubiri cheche. Hata ile harufu tunayoijua huongezwa kiwandani, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu ya kumwonya mtu. Nilimwonyesha msimamizi, akanijibu kwamba mimi niliitwa kwa ajili ya taa za ngazi.

Tarehe 1 Februari 2024, usiku, mlipuko wa gesi ulitokea Embakasi, Nairobi, katika kituo cha kujazia mitungi kilichokuwa katikati ya makazi ya watu. Waliuawa watu na mamia walijeruhiwa. Kituo kile hakikuwa sawa na kizimba cha Nyali, na sitaki kuwatisha watu kwa kufananisha visivyofanana. Lakini asubuhi yake wapangaji wawili wa jengo lile la Nyali walinipigia simu kuniuliza kama kuna njia ya kufunga bomba katika nyumba zao na kupikia umeme. Jibu langu lilikuwa lile lile la Tudor.

Basi tukakutana watu sita: mimi, mwalimu mstaafu, msanifu majengo mmoja kijana, mwanasheria wa mtaani kwetu, mama mmoja mwenye mgahawa Majengo, na imamu wa msikiti wa jirani, ambaye alikuja kutaka kujua habari za usalama akaishia kuwa mwandishi wetu bora. Tuliamua kuandika ombi kwa bunge la kaunti. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 37, humpa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeweka njia ya kuyafikisha kwenye bunge la kaunti. Wengi wetu hatukulijua hilo. Hatukujua pia, hadi mwanasheria alipotufungulia Jedwali la Nne la Katiba, kwamba miongoni mwa kazi za kaunti, chini ya mipango na maendeleo, imeandikwa wazi usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi, pamoja na nyumba. Na kwamba kudhibiti uchafuzi wa hewa na kuzima moto pia ni kazi za kaunti. Mwalimu mstaafu alivua miwani akasema, "Kumbe mwenye ufunguo yuko hapa hapa Treasury Square, nasi kila siku tunailalamikia Nairobi."

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa mbovu. Nilikuwa nimesoma kwamba mji wa New York ulipitisha mwishoni mwa 2021 sheria inayozuia majengo mapya kuchoma gesi na mafuta, ikianza na majengo ya chini ya ghorofa saba mwaka 2024 na yale marefu zaidi 2027. Na kwamba Uholanzi tangu 2018 haiunganishi tena nyumba mpya na gesi. Nikayanakili mawazo yao kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Msanifu kijana alinisoma akaanza kucheka kwa adabu, akaniuliza, "Mzee, hii aya ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, ni ya wadi gani?" Nilikuwa nimesahau kwamba wenzetu wale huchoma gesi zaidi kwa sababu ya baridi, ilhali sisi mwezi wa Februari hutafuta upepo hata wa kupulizia chai. Kwetu jambo ni jiko, na kwa hoteli na nyumba za kifahari ni maji ya moto, basi.

Mwanasheria alituletea funzo jingine ambalo lilinistua zaidi. Mji wa Berkeley, katika jimbo la California, ndio uliokuwa wa kwanza Marekani kupiga marufuku mabomba ya gesi katika majengo mapya, mwaka 2019. Chama cha wenye mikahawa kilikwenda mahakamani, na Aprili 2023 mahakama ya rufani ikaamua kwamba sheria ile iliingilia eneo ambalo serikali kuu ya nchi ilikuwa imejiwekea, yaani viwango vya kawi vya vyombo vya majumbani. Nia ilikuwa njema na miaka minne ya kazi ikaenda na maji. Hapa kwetu pia ipo Sheria ya Kawi ya 2019 na ipo mamlaka ya kitaifa inayotoa leseni za gesi, kwa hiyo ombi linaloanza kwa maneno "gesi ipigwe marufuku Mombasa" lingekuwa limejichimbia kaburi. Tukaligeuza. Tukaomba kwamba kaunti, inapoidhinisha michoro, idai kila nyumba mpya ya makazi iwe na laini kamili ya jiko la umeme na kebo kuu inayoweza kubeba mzigo huo. Na kwamba majengo mapya ya ghorofa nyingi yasiidhinishwe kuwa na mitungi ya pamoja na mabomba ya gesi ndani. Mtungi mdogo wa mtu binafsi hatukuugusa. Wala hatukumgusa mtu yeyote ambaye nyumba yake tayari imejengwa.

Sehemu ya hali ya hewa ndiyo niliyoiandika mwenyewe, kwa kuwa ilitoka katika maisha yangu. Nilikulia Changamwe, na kwetu kumtaja mtu anayefanya kazi Kipevu kulimaanisha bandari au mitambo ya umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Pwani ulitegemea sana mafuta mazito yaliyochomwa pale, na mwaka 2011 uliongezwa mtambo wa Kipevu III wa megawati 120, huku mwingine ukiwa Rabai. Wakati huo kumwambia mtu apikie umeme kwa ajili ya mazingira kungekuwa mzaha, maana angezima moto mdogo jikoni na kuwasha mkubwa zaidi Kipevu. Kisha mwaka 2017 ukawashwa mkondo mkubwa wa nyaya kutoka upande wa Nairobi hadi Rabai, karibu kilomita 480, na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria ukaweza kufika kwetu kwa wingi. Baadaye ukaja upepo wa Loiyangalani, megawati 310, na tangu mwishoni mwa 2022 umeme wa maji kutoka Ethiopia. Leo takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hautokani na kuchoma mafuta. Nyaya nilizozilaza ukutani mwaka 2005 kule Ganjoni hazikubadilishwa hata moja, na bado zimekuwa safi kuliko zilivyokuwa siku nilipozilaza, kwa sababu kilichobadilika kiko kilomita mia kadhaa kutoka hapa. Bomba la gesi haliwezi kufanyiwa hivyo. Kila kilo ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa karibu kilo tatu za hewa ya ukaa, ilikuwa hivyo jana na itakuwa hivyo mwaka 2060, na jengo linaloidhinishwa leo Mombasa litakuwa bado limesimama mwaka huo.

Sisi watu wa kisiwani hatuhitaji kuhubiriwa habari za tabianchi. Mawe yaliyorundikwa baharini kuukinga ukuta wa Fort Jesus usiliwe na mawimbi tunayaona kila tukipita. Niliandika aya moja juu ya hilo, imamu akaifupisha hadi sentensi mbili, na alifanya vizuri.

Kikao cha kukusanya maoni kilifanyika katika ukumbi mmoja wa Tononoka, asubuhi ya joto ambayo feni zote zilizunguka bila msaada. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya wenye majengo. Aliyeinuka kwanza alikuwa bibi mmoja wa Mji wa Kale aliyevaa buibui, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mwanangu, Mungu akubariki kwa kazi yako. Lakini tarehe 25 Agosti nchi nzima ilikuwa gizani. Mimi na wajukuu wangu tulikula kwa sababu ya seredani. Wewe ulikula nini?"

Ukumbi ulicheka, na mimi nikajibu vibaya. Nilianza kueleza habari za gridi na za nyaya za akiba, maneno ya kiufundi ambayo hayakumpa bibi yule hata kipande cha muhogo. Kusema kweli, usiku ule wa Agosti 2023 mimi nilikula mkate wa boflo na chai iliyochemshwa kwa gesi ya jirani. Laiti ningalisema hivyo tangu mwanzo. Mama wa mgahawa ndiye aliyeniokoa: alisimama akaeleza kwamba ombi halimnyang'anyi mtu seredani wala mtungi wake mdogo, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kukaa bila akiba, kinachoombwa ni kwamba anayetaka kupikia umeme siku mia tatu na sitini asizuiwe na ukuta kwa sababu ya siku tano za giza. Tangu siku hiyo sizungumzi juu ya jambo hili bila kutaja kukatika kwa stima kabla sijaulizwa.

Swali la pili lilitoka kwa mpishi wa harusi, na lilikuwa la haki. Biriani ya watu mia tano haipikiwi juu ya jiko la kioo la umeme. Sufuria zake ni kubwa kuliko meza, na moto wake ni wa kuni uani. Nilikubali mara moja. Hakuna aliyemtaja yeye katika ombi, na nadhani tungekosa heshima kama tungemtaja.

La tatu ndilo lililonifanya nirudi nyumbani kujifunza. Mhandisi mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kama tumefikiria mzigo wa majiko mengi kuwashwa kwa wakati mmoja. Sisi mafundi huwa hatujumlishi majiko yote ya jengo kana kwamba yatawashwa pamoja. Tunakadiria kwamba baadhi watapika mapema, wengine watachelewa, wengine hawapo, na hivyo kebo kuu na transfoma huwa ndogo kuliko jumla. Kanuni hiyo ni nzuri, ila haikutungwa na mtu aliyewahi kufuturu Mombasa. Katika Ramadhani, kati ya alasiri na magharibi, kila jiko la kisiwa hiki liko kazini kwa dakika zile zile: sambusa zinakaangwa, kaimati zinageuzwa, uji unachemka, wali wa nazi unakauka. Niliporudi kwenye jengo letu la Bamburi nikapiga hesabu upya kwa kudhani majiko mengi yamewashwa pamoja, niliona kwamba kebo kuu niliyoiweka ilitosha kwa shida. Tukaongeza kifungu katika ombi kwamba ukadiriaji wa mzigo uzingatie saa ya futari. Sijui mji mwingine wenye kifungu kama hicho, na nakiri kwamba ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote.

Mhandisi huyo huyo aliongeza neno ambalo lilitupunguzia majigambo. Saa za jioni, nchi nzima inapowasha taa na televisheni, ndipo mitambo ya mafuta huitwa kusaidia, kwa hiyo jiko la umeme la saa moja jioni si safi kama lile la saa tisa za usiku, wakati mvuke wa Olkaria huwa mwingi kuliko watumiaji. Imamu alinong'ona kando yangu, "Basi daku ndiyo ibada ya mazingira." Niliandika na hilo pia, bila utani wake: maji ya moto ya hoteli yapashwe usiku wa manane au kwa jua, na yatunzwe katika tangi lililofunikwa vizuri. Tangu 2012 kulikuwa na kanuni za kitaifa zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yaweke mitambo ya jua, na najua kwa macho yangu ni mapaa mangapi yaliyobaki matupu, kwa hiyo sikuwa na ndoto kwamba maandishi peke yake yanatosha.

Kabla ya kuwasilisha nakala ya mwisho, niliona haya kumwomba mtu afanye nisichokifanya. Nilifunga mtungi wangu kwa miezi mitatu nikapikia umeme, nikiandika tokeni kwenye daftari. Mtungi wa kilo 13 una kawi ipatayo uniti 165, lakini jiko la gesi hupoteza karibu nusu pembeni ya sufuria, na nusu hiyo humwishia mpishi usoni. Katika jiko dogo la ghorofa lisilo na ua wala dirisha la maana, kama yale tunayowajengea watu siku hizi, hilo peke yake ni adhabu. Jiko la sumaku, lile la kioo linalopasha sufuria yenyewe, hupoteza kidogo sana, hivyo uniti zisizofika 100 hufanya kazi ya mtungi mzima. Kwa bei niliyokuwa nikilipa, takriban shilingi 28 kwa uniti, zilikuja kama shilingi 2,750, dhidi ya mtungi wa karibu 3,000. Si tofauti ya kumtajirisha mtu, na bei za pande zote mbili hupanda na kushuka kwa amri za watu wengine: ushuru wa gesi uliwekwa asilimia 16 mwaka 2021, ukapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ukaondolewa 2023. Akiba kubwa niliipata katika sufuria ya presha ya umeme. Nusu kilo ya mbaazi kavu iliiva kwa chini ya nusu uniti, ilhali juu ya gesi ilikuwa ikinimalizia asubuhi.

Daftari hilo lina pia mambo ambayo hakuna aliyenitayarishia. Sufuria zangu zote za alumini zilikataa. Jiko la sumaku hulia kidogo kisha likazima, kwa kuwa linataka chuma. Mke wangu alizijaribu moja moja kwa sumaku ya mlango wa friji, na katika sufuria kumi na moja mbili tu ndizo zilizoishika. Chuma cha chapati kilifaulu vizuri mno. Karai ya mahamri, kwa kuwa kitako chake ni cha mviringo, ilikaa juu ya kioo ikiyumba kama mtumbwi, na mafuta hayakupata moto wa kutosha kuyafanya mahamri yafure. Tulinunua sufuria pana yenye kitako bapa. Mama mkwe wangu alionja mahamri ya kwanza, akanyamaza, akachukua la pili, na sikuthubutu kumuuliza. Gharama ya vyombo tuliitaja katika ombi, tukapendekeza kwamba mwenye jengo anayeokoa fedha za bomba la gesi aweke jiko la umeme katika nyumba anapoikodisha mara ya kwanza, ili mzigo usimwangukie mpangaji.

Ombi lilipokewa, likapigwa muhuri, na tumeambiwa limepelekwa kwenye kamati. Nimejifunza kutoulizia kila wiki. Badala yake hupita kwenye majengo yanayojengwa, kwa kuwa kamati hukutana kwa ratiba yake na waashi hufika kazini kila alfajiri. Wiki iliyopita nilikuwa Kisauni, katika jengo la ghorofa tano la mtu ninayemfahamu tangu ujana. Tulizungumza juu ya ngazi zisizo na kingo, mchanga ukitumwagikia viatuni. Michoro yake iliyoidhinishwa ina bomba la gesi, na hakutaka kuliondoa bomba hilo, kwa kuwa dalali wake amemwambia wapangaji huliulizia. Lakini alikubali kulipia waya wa milimita sita kwa nyumba zote ishirini na kebo kuu iliyo nene, nami nikamwachia kazi ya mikono yangu bila malipo. Nilifanya kazi kwa siku tatu na kijana wangu. Katika kila jiko waya umelazwa kwenye mfereji wake, na shubiri mbili kando yake limelazwa bomba la shaba, na mwashi alikuwa tayari amekoroga saruji kwa ajili ya ghorofa ya kwanza.